Dawa Mpya za Kifua Kikuu Sugu Zapunguza Miezi ya Tiba, Uchunguzi wa Mapema Wabaki Nguzo Ziwa Nyasa

Matibabu ya Kifua Kikuu sugu yalipoanza kutolewa nchini mwaka 2009, yalipatikana katika Hospitali ya Kibong'oto pekee, wilayani Siha mkoani Kilimanjaro. Kwa mkazi wa Mbinga au Mbamba Bay mkoani Ruvuma, hiyo ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 1,000, ikifuatiwa na dawa za miezi 18 hadi 24 na sindano zilizoweza kumpotezea usikivu.

Baadaye huduma hiyo ilisogezwa mikoani na umbali wa safari ukapungua. Urefu wa tiba, hata hivyo, haukuweza kupunguzwa kwa kuongeza vituo. Ulihitaji viambata vipya vya dawa. Jambo hilo lina uzito mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako mvuvi huhama kambi akifuata samaki. Kadiri tiba inavyorefuka, ndivyo hatari ya kuikatisha inavyoongezeka, na dawa ikikatishwa usugu hupata nafasi.

Bedakwilini, iliyoidhinishwa nchini Marekani Desemba 2012, ilitoka katika kundi jipya la dawa za ugonjwa huo baada ya zaidi ya miaka 40. Dawa hiyo huzuia kimelea kuzalisha nishati. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike pamoja na pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini kwa miezi 6, bila sindano, kwa wagonjwa wanaokidhi vigezo.

Utafutaji haujakoma. Linezolidi huweza kudhuru neva na damu, na tayari vimelea sugu kwa bedakwilini vimebainika katika nchi mbalimbali. Ndiyo maana sutezolidi na delpazolidi, za jamii moja na linezolidi, zimefanyiwa majaribio kwa wagonjwa wa Kifua Kikuu Tanzania na Afrika Kusini ili kupata mbadala wenye madhara madogo.

Hata hivyo, kiambata bora hakimfikii mgonjwa ambaye usugu wake haujatambuliwa. Mgonjwa huyo hupewa dawa za kawaida zisizomfaa, huku akiambukiza nyumba na chombo anachovulia. Kipimo cha vinasaba cha GeneXpert hubaini vimelea na usugu wa rifampisini kwa takriban saa mbili, na huduma za Kifua Kikuu katika vituo vya Serikali hutolewa bila malipo. Kwa Mbinga na Nyasa, manufaa ya dawa mpya yanaanzia kwenye makohozi yanayofikishwa maabara mapema.