Mgeni Aliyegongewa Muhuri Amepewa Amani

Mwaka 2025 ulikuwa mwaka wa milango kufungwa. Machi 13, katika uwanja wa ndege wa Luanda, serikali ya Angola ilimzuia kuingia nchini humo Ndugu Othman Masoud Othman, wakati huo Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Alizuiwa pamoja na Ndugu Tundu Lissu, Mwenyekiti wa CHADEMA, na wanasiasa wengine wa Afrika, akiwamo Rais mstaafu wa Botswana, Ian Khama. Wote walikuwa wamealikwa kwenye mkutano wa demokrasia mjini Benguela. Angola wakati huo ndiyo iliyoshika uenyekiti wa Umoja wa Afrika. Wengi wetu tuliudhika, na tulikuwa na haki ya kuudhika, kwani kiongozi wa nchi kurudishwa mlangoni kama mtu asiyejulikana ni jambo la kufedhehesha.

Miezi miwili baadaye sisi ndio tuliokuwa wenye mlango. Mei 18, Mama Martha Karua, aliyepata kuwa Waziri wa Sheria wa Kenya, alizuiwa katika uwanja wa ndege wa Julius Nyerere na kurudishwa kwao. Alikuja kuhudhuria kesi ya uhaini ya Ndugu Lissu katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu. Baada yake akarudishwa Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya, Willy Mutunga. Mei 19, akizindua toleo jipya la Sera ya Mambo ya Nje, Rais Samia Suluhu Hassan aliviagiza vyombo vya ulinzi visiwape nafasi wanaharakati wa nje kuja kuvuruga nchi. Siku hiyo hiyo Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda, ambao walikwisha kuruhusiwa kuingia, walichukuliwa. Mwangi alionekana tena Mei 22 Ukunda, upande wa Kenya. Agather akakutwa Mutukula, mpakani mwa Uganda. Wote wawili walieleza kwamba waliteswa na kudhalilishwa kijinsia. Kamanda wa Polisi wa Kanda Maalumu ya Dar es Salaam aliyakana madai hayo, akayaita maneno ya kusikia, na akawataka wenye ushahidi waupeleke. Julai ya mwaka huo walalamikaji waliyapeleka mambo yao katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha.

Uwanja wa ndege, ukumbi wa uzinduzi na mahakama, vyote vimo katika wilaya yetu ya Ilala. Hatuwezi kuyasimulia haya kama habari za mbali.

Hatuna nia ya kuamua nani msema kweli katika madai hayo; hiyo ni kazi ya mahakama. Wala hatuna nia ya kuingia katika kesi ya Ndugu Lissu. Tunataka kuzungumzia jambo moja tu, nalo ni haki ya mgeni na wajibu wa mwenyeji, kwa sababu humo ndimo fitina ilimopita.

Kwanza tuseme wazi kwamba kila dola ina haki ya kufunga mlango wake. Hata Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, na ambayo Ibara yake ya 7 imewapa raia wetu uhuru wa kwenda na kurudi, imeruhusu nchi mwenyeji kumzuia mtu kwa ajili ya utulivu wa umma, usalama au afya. Lakini ibara hiyo hiyo ikaongeza sharti: nchi inayoweka kizuizi iziarifu nchi wanachama wenzake. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba anaweza kukataa mgeni, ila haifai akatae kimyakimya. Aseme amemkataa nani na kwa nini.

Katika sira tunalo somo la jambo hili. Mwaka wa 6 Hijria, sawa na mwaka 628, Mtume (s.a.w.) na Masahaba wapatao 1,400 walizuiwa kuingia Makka kwa ajili ya umra. Sayyidna Uthman bin Affan alitumwa mjini kuzungumza na Maquraishi, akachelewa kurudi. Kuchelewa kule kukazaa uvumi kwamba ameuawa, na uvumi ukawafikisha Masahaba kula kiapo chini ya mti kwamba hawatakimbia. Vita ilikuwa hatua moja tu mbele. Aliporejea salama, na pande mbili zilipokaa zikaandika mkataba kwamba Waislamu warudi mwaka ule na waje mwaka ufuatao kwa siku tatu, hasira zilitulia. Kuzuiwa kulikuwa ni dhuluma, lakini kuzuiwa kulikoandikwa kukazaa suluhu, na kutojulikana alipo mtu mmoja kulikaribia kuzaa vita.

Tulinganishe na siku zile tatu za Mei. Mwangi yuko wapi? Hakuna aliyejibu. Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliandika waraka rasmi kulalamika kwamba maofisa wake wamenyimwa nafasi ya kumwona raia wao, nafasi ambayo Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli umeiwekea kanuni. Ukimya ule ukajazwa na mitandao. Wabunge wetu wakajibu kwa ukali bungeni, Wakenya wakasambaza namba za simu za wabunge hao na kuwamiminia ujumbe wa matusi, na vijana wa nchi mbili ambao hawajapata kuonana wakawa wanatukaniana wazazi. Hata Mei 28 Rais William Ruto, katika hafla ya maombi jijini Nairobi, ikambidi awaombe radhi majirani wa Tanzania kama Kenya imewakosea. Yote hayo yangeepukika kwa karatasi moja yenye jina, sababu na saa ya kuondoka.

Jambo la pili ndilo zito zaidi. Kuna tofauti kubwa baina ya mgeni aliyerudishwa mlangoni na mgeni aliyefunguliwa akaingia. Neno letu "amani", tunalojivunia kila tunapoitaja nchi yetu, katika vitabu vya fiqhi lina maana mahsusi: ni ahadi ya usalama anayopewa mgeni anapoingia, naye huitwa mustaamini. Imam Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 189 Hijria, aliifafanua milango ya hukumu hii kwa urefu. Mwaka Makka ilipofunguliwa, Ummu Hani binti Abi Talib aliwapa amani jamaa za mumewe waliokimbilia nyumbani kwake. Ndugu yake, Sayyidna Ali, alitaka kuwaua. Ummu Hani akaenda kushitaki, na Mtume (s.a.w.) akaipitisha amani aliyoitoa. Mwanamke mmoja, asiye na cheo cha serikali, alitoa neno, na neno lile likaufunga umma mzima.

Leo neno hilo ni muhuri. Kijana wa Uhamiaji aliyekaa kwenye dirisha lake anapougonga katika pasipoti, haahidi kwa niaba yake mwenyewe. Ameahidi kwa niaba ya polisi, ya Usalama wa Taifa, ya Ikulu na ya sisi raia. Mgeni akivunja masharti baada ya hapo, sheria zipo: ashitakiwe mbele ya hakimu, au afutiwe kibali na asindikizwe mchana kweupe huku ubalozi wake ukijua. Ama kuchukuliwa na watu wasiojitambulisha na kuonekana mpakani baada ya siku kadhaa, hilo halina jina katika sheria za nchi wala katika fiqhi.

Wapo watakaosema: hao walikuja kuchochea, wana midomo michafu, kwa nini tuwatetee? Tunajibu kwamba amani ya mgeni haipimwi kwa adabu yake. Jamaa wale waliokimbilia kwa Ummu Hani hawakuwa rafiki wa Waislamu. Ahadi inayotimizwa kwa tunayempenda peke yake haijawa ahadi bado.

Na wala tusidhani kwamba Nairobi ina mikono safi. Dkt. Kizza Besigye wa Uganda alinyakuliwa humo Novemba 2024, akatokea Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Mtanzania mwenzetu, Maria Sarungi Tsehai, alitekwa humo Januari 2025, akaachiwa baada ya saa kadhaa. Tulikasirika alipotekwa Mtanzania Nairobi na alipozuiwa Mtanzania Luanda. Basi kwa mizani ipi tutanyamaza anapoteswa mgeni Dar es Salaam? Mfanyabiashara wa Kariakoo anaijua Suratul Mutaffifin: imewaonya wale ambao wakipimiwa hutaka kipimo kitimie na wakiwapimia watu hupunguza. Onyo hilo haliishii kwenye mchele na sukari.

Mwisho tujiulize ni nani anayelipa gharama. Wakubwa watapeana mikono na kupiga picha. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1977, Jumuiya ilipovunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Waliotengana na ndugu na riziki zao hawakuwa mawaziri. Leo mitaa ya Msimbazi, Kongo na Uhuru inaishi kwa mguu wa mgeni. Mkongo, Mzambia, Mmalawi na Mganda wanakuja na fedha zao mfukoni wakiamini kwamba muhuri waliogongewa unatosha kuwalinda. Na wanetu walioko Nairobi, Madina na Maskati wanalala usingizi kwa muhuri wa watu wengine. Tukiushusha thamani wa kwetu, tunaushusha na wao.

Basi tunaviomba vyombo vya dola: mnayemkataa, mkataeni kwa maandishi na mziarifu nchi wenzetu, mliyemruhusu, mlindeni mpaka atoke. Madai ya wageni wale yasikilizwe hadi mwisho, na ikithibiti kwamba yupo aliyewadhuru, aadhibiwe kwa jina lake. Nasi waumini tusigeuze misikiti na vijiwe vyetu kuwa vituo vya kurusha matusi kwa Wakenya. Aliye jirani yako Gerezani au Buguruni akiwa na pasipoti ya nchi nyingine, mfanye ajue kwamba ahadi iliyoandikwa mle ndani imeandikwa na wewe pia.

Wabillahi tawfiq.