Kura na Dhoruba



Kwetu wakulima wa karafuu, uchaguzi huja pamoja na mvua. Mwaka 2015, 2020 na 2025 Wazanzibari walipiga kura mwezi wa Oktoba, nao ni mwezi wa vuli, karafuu ziko juani. Yafaa basi mambo haya mawili tuyapime pamoja.

Dhoruba haimwulizi mtu chama chake. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, ya tajiri na ya maskini. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu.

Lakini dhoruba huwauliza watawala: mmejitayarisha? Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970, kimbunga na mawimbi viliua Pakistani ya Mashariki watu wanaokadiriwa kuwa laki tatu au zaidi. Serikali, ambayo makao yake yalikuwa upande wa Magharibi, ilikawia kuwafikia. Uchaguzi ulifanyika tarehe 7 Disemba, na sehemu zilizopigwa zikangojea hadi Januari. Chama cha Awami kilipata viti 160 katika 162 vya upande ule. Ushindi ule haukuheshimiwa, vita vikaingia, na mwaka 1971 ikazaliwa Bangladesh. Hatusemi kimbunga peke yake ndicho kilichofanya hayo, maana manung'uniko yalikuwako zamani. Twasema kiliwaonyesha watu nani yu pamoja nao.

Majirani zetu wa Komoro, walima karafuu kama sisi, walimchagua Rais tarehe 24 Machi 2019. Wapinzani waliyakataa matokeo, lakini upepo haukungojea ugomvi uishe. Tarehe 24 Aprili, Kimbunga Kenneth kilipita Ngazija kikaharibu nyumba na mashamba.

Basi kila ajaye kutuomba kura, yatupasa tumwulize: Miche ya kupanda badala ya iliyoanguka iko wapi? Njia ya shamba itapitika masika? Khabari ya upepo mkali itatufikia mapema? Asiye na jawabu, nyimbo na bendera zake hazitatufaa kitu.

Tena tujiulize wenyewe. Baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, zilienea khabari kutoka Pemba za watu kususiana madukani na kukatiana mazao. Wingu likitanda, jirani ndiye wa kwanza kukusaidia kuanua karafuu. Tukimsusa, tutamwita nani? Serikali huchaguliwa kwa miaka mitano, na mkarafuu hutaka sita hivi au zaidi kabla ya kuzaa. Aukataye kwa hasira ya kura huwaadhibu watoto ambao kura ile hawakuipiga.

Kimbunga ni kudura ya Mwenyezi Mungu, hatuwezi kukizuia. Shoka limo mikononi mwetu, na hilo twaweza kuliweka chini.