Burundi Mlangoni mwa Olimpiki

Kwenye jedwali la medali za Olimpiki, Burundi ina dhahabu moja na fedha moja, basi. Anayepitisha macho haraka atadhani hapo hakuna cha kusimulia. Toleo hili linampinga. Ninachoshikilia ni kwamba nchi ndogo hushinda au kushindwa mapema, kabla bastola ya kuanzisha mbio haijalia, pale panapoamuliwa nani aingie uwanjani na nani abaki nje.

Dieudonné Kwizera alibaki nje mara mbili. Wakati wa michezo ya Seoul 1988 na Barcelona 1992 alikuwa mkimbiaji wa kimataifa, lakini nchi yake haikuwa na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa, na pasipo kamati hakuna wa kukuandikisha. Kutambuliwa kulikuja mwaka 1993, ujana wake wa mbio ukiwa umeshakwenda. Burundi ilipofika Olimpiki kwa mara ya kwanza, Atlanta 1996, Vénuste Niyongabo alimwachia nafasi yake katika mita 1,500. Hiyo haikuwa nafasi ya kutupa: mwaka mmoja nyuma Niyongabo alikuwa ametwaa shaba ya dunia katika mbio hizohizo mjini Göteborg. Kwizera aliaga mashindano katika raundi ya awali. Lakini alikimbia.

Niyongabo naye akahamia mita 5,000, umbali aliokuwa ameukimbia mashindanoni mara mbili tu maishani. Zitazameni tarehe za siku hizo. Julai 25, wanariadha wakiwa Marekani, jeshi lilitwaa madaraka Bujumbura na kumrudisha Pierre Buyoya. Julai 31, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakakubaliana kuiwekea Burundi vikwazo. Agosti 3, kijana huyu kutoka kusini mwa nchi iliyokuwa vitani alimaliza kwa dakika 13 na sekunde 7.96, Mkenya Paul Bitok akiwa nyuma yake kwa sekunde 0.20. Michezo hiyohiyo, Aloys Nizigama alishika nafasi ya nne katika mita 10,000, nafasi ambayo jedwali la medali haliijui.

Kisa cha Niyongabo na Kwizera husimuliwa kama hadithi ya ukarimu, na ukarimu ule ninauheshimu kwa moyo wote. Ila tukiishia kwenye sifa, tunaacha kuuliza kwa nini mwanariadha wa kiwango kile alihitaji hisani ya mwenzake ili aingie mahali ambapo miguu yake ilistahili kumfikisha miaka minane kabla. Kilichomkwamisha ni karatasi, na karatasi ni kazi ya wizara na vyama vya michezo.

Miaka 20 baadaye Francine Niyonsaba alileta fedha ya mita 800 kutoka Rio, kati ya Caster Semenya wa Afrika Kusini na Margaret Wambui wa Kenya. Mwaka 2019 shirikisho la riadha duniani lilianza kutumia kanuni iliyowataka wanawake wenye kiwango cha juu cha homoni ya testosteroni kuishusha kwa dawa kama wanataka kukimbia kati ya mita 400 na maili moja. Washindi wote watatu wa Rio waliguswa. Chama cha riadha cha Afrika Kusini kilisimama na Semenya mbele ya mahakama ya michezo, na hata hivyo walishindwa. Niyonsaba alibadili umbali: akawa wa tano katika mita 10,000 Olimpiki ya Tokyo, na Septemba 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 mjini Zagreb, dakika 5 na sekunde 21.56. Machi 2023 kanuni hiyo ikapanuliwa hadi mbio zote, zikiwemo zile alizokimbilia.

Kwa Kwizera, waliomfungia hawakujua hata kwamba yuko nje. Kwa Niyonsaba, walimjua vizuri sana. Mimi naona kosa la pili ni zito zaidi, na najua baadhi ya wasomaji wetu hawatakubaliana nami; waandike. Katika kurasa zinazofuata tumewapa waandishi swali moja walijibu kila mmoja kwa njia yake: kanuni za michezo zinapopigiwa kura, nchi yenye wanariadha wachache ina nani mezani?