FEDHA ZA JIJI LA DODOMA

Sisi watumishi tulioletwa Dodoma na kazi, na baadhi yetu tukajenga Miyuji, yatupasa kuliangalia jambo la fedha za Halmashauri kuwa letu wenyewe, maana humo zimo fedha tulizolipia viwanja.

Mwaka 1973 iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mwaka 2017 ikavunjwa, na kazi zake wakapewa Manispaa, ambayo mwaka 2018 ilipandishwa kuwa Jiji. Tangu hapo uuzaji wa viwanja umelipatia Jiji fedha nyingi. Lakini leseni ya biashara na ushuru wa soko hurudi kila mwaka. Kiwanja huuzwa mara moja tu, na mtama uliolimwa hapo hauoti tena.

Kwa hiyo twashauri fedha ya viwanja isiliwe kwa posho na safari, bali ilipe kwanza fidia, kisha barabara na mifereji ya mitaa ile ile iliyouzwa. Sheria imekwisha kutenga sehemu 10 katika kila 100 ya mapato ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na wenye ulemavu; fedha ya viwanja nayo ishikwe kwa kanuni iliyo wazi vivyo hivyo. Tena hesabu zibandikwe katika kila ofisi ya mtaa, kwa Kiswahili chepesi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tushikao daftari za Serikali mchana hatuna udhuru wa kunyamaza jioni, mkutano wa mtaa uitishwapo.