Chakula cha Mitaani Thailand: Mgeni Anayeishi Huko Aogope Nini?

Kijana anapopata nafasi ya kwenda kusoma au kufanya kazi Thailand, wosia wa nyumbani huwa ni ule ule: soma kwa bidii, usitusahau, na usile ovyo barabarani. Wosia wa kwanza na wa pili hatuna neno nao. Huu wa tatu ndio tunaotaka kuujadili katika ukurasa huu, maana tunaona kwamba katika nchi ile haufuatiki, na hata ukifuatwa haumkingi kijana na yale yanayoweza kumwumiza zaidi.

Jambo hili haliko mbali na familia zetu. Wapo wanafunzi wa Afrika Mashariki katika vyuo vya Bangkok na pembezoni mwake. Wapo wafanyabiashara wa vito wanaopeleka mawe yao hadi soko la Chanthaburi, na baadhi yao hukaa huko miezi na miaka. Watu wa Tunduru watakumbuka jinsi Wathai walivyofika kwao miaka ya 1990 kununua yakuti.

Kwa nini tunasema wosia huo haufuatiki? Vyumba vingi vya kupanga mjini Bangkok, hasa vile vya bei ya mwanafunzi, havina jiko. Kuna kitanda, bafu, pengine na kibaraza cha kuanikia nguo, basi. Wathai wenyewe wengi hawapiki kila siku. Tangu zamani wana msemo wa utani, "mama wa nyumbani wa mifuko ya plastiki", yaani mama anayetoka kazini, akapitia kwa wauzaji, akarudi na mchuzi, mboga na wali katika mifuko iliyofungwa kwa mpira, akavimimina kwenye mabakuli na familia ikala. Jiko la mji liko mitaani. Sahani ya wali na kuku, khao man gai, au wali na nyama iliyokaangwa kwa mrihani na pilipili, pad kra pao, hupatikana kwa baht 50 hadi 70 hivi, na mgahawa wenye kiyoyozi ndani ya duka kubwa hutoza zaidi sana. Kumwambia mwanafunzi asile mitaani ni kumwambia alale njaa, au ale tambi za pakiti kila usiku. Na hizo tambi za pakiti, kwa chumvi iliyomo, hatuwezi kuziita chakula cha afya.

Tuanze na hofu ya tumbo, kwa kuwa ndiyo inayosemwa sana. Ni hofu ya haki, lakini mara nyingi huelekezwa mahali pasipo pake. Watu huangalia mkokoteni uliochakaa, viti vya plastiki na vumbi la barabara, wakaona ugonjwa. Ugonjwa hauletwi na kiti. Huletwa na chakula ambacho hakikuiva, au kiliiva kisha kikaachwa, au kilishikwa kwa mikono michafu, au kiliosheshwa kwa maji mabaya. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba chakula kiive hadi ndani kabisa kwa joto la nyuzi 70, na kikishaiva kisikae nje zaidi ya saa mbili pasipo kuwekwa kwenye moto au barafu, kwa sababu kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huzaana haraka. Sasa mtazame muuzaji wa Kithai mwenye karai. Moto wake ni mkali mno, nyama imekatwa vipande vyembamba, inaiva mbele ya macho yako kwa dakika mbili tatu na kuingia kwenye sahani ikitoa moshi. Kwa kipimo hicho amefaulu vizuri kuliko hoteli nyingi zinazopanga vyakula mezani tangu saa moja jioni na kuviacha vipoe hadi saa nne.

Hata wakaguzi wa nje wamekiri sifa za wapishi hawa. Mwezi Desemba 2017, Michelin ilipotoa kitabu chake cha kwanza cha Bangkok, nyota moja ilikwenda kwa Jay Fai, mama mpishi wa kando ya barabara anayepika kwa mkaa huku amevaa miwani mikubwa ya kuzuia mafuta yasimrukie machoni. Tangu hapo yai lake la kukaanga na kaa limeuzwa kwa zaidi ya baht 1,000, kwa hiyo mwanafunzi wetu asipoteze muda kupanga foleni pale. Pamoja na hayo, nyota ile ilipewa ladha na ustadi. Afya ya mlaji wa kila siku ni habari nyingine.

Wa kuangaliwa kwa makini ni muuzaji wa khao kaeng, yaani wali na michuzi iliyopikwa tayari na kupangwa katika masufuria au sinia. Chakula chake ni kitamu na cha bei nafuu, na asubuhi hakina shida. Kile kile saa tisa alasiri, katika joto la mji ule, ni mashaka. Tungemshauri mkazi anunue mapema, wakati wauzaji wanapotoka kupika, au achague sufuria inayochemka. Vile vile achague penye wateja wengi, kwani chakula kinachonunuliwa haraka hakipati nafasi ya kulala. Barafu nayo ina namna yake. Ile ya vipande vya mviringo vyenye tundu katikati hutoka kiwandani ikiwa imetengenezwa kwa maji yaliyosafishwa. Ile iliyopondwa kutoka kwenye mabonge makubwa huburutwa na kupondwa njiani, na hatari yake iko hapo. Aidha aangalie vyombo vinaoshwa wapi. Beseni moja la maji kwa sahani mia linatosha kumfanya mtu ahame.

Hapa tuseme neno pembeni. Mwaka 2017 viongozi wa jiji la Bangkok walitangaza kuwaondoa wauzaji kwenye njia za waenda kwa miguu, kisha wakalegeza kwa mitaa ya Yaowarat na Khao San inayopendwa na watalii. Njia za miguu ni za watembea kwa miguu, hilo hatulipingi. Lakini muuzaji anayehamishwa kila mara hawezi kuwa na bomba wala mfereji wa maji machafu. Anayetaka chakula safi ampe mama lishe mahali pa kudumu penye maji. Hili tungelisema Bangkok, na tungelisema kwingine kokote.

Pamoja na tahadhari zote, mgeni wa wiki za kwanza huenda akaharisha. Mara nyingi hupona kwa siku chache akinywa maji safi yenye chumvi maalumu ya kuongezea maji mwilini, ambayo maduka ya dawa ya huko huuza kwa bei ndogo. Akiona damu katika choo, homa kali, au akishindwa kunywa kitu, aende hospitali siku hiyo hiyo. Kabla ya kuondoka nyumbani ni vema amwulize daktari kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya A na ile ya homa ya matumbo.

Mtalii hofu yake huishia hapo, kwa kuwa wiki mbili zikiisha anapanda ndege. Sisi tunamfikiria yule atakayekula milo miwili kwa siku, siku mia tatu na zaidi kwa mwaka, kwa miaka mitatu au minne. Tunaamini huyu ana adui mwingine, asiyemwumiza tumbo hata siku moja. Ni chumvi na sukari.

Chumvi ya Thailand huonekana kidogo, kwa kuwa imo ndani ya nam pla, mchuzi mwembamba wa samaki unaotiwa karibu katika kila kitu. Kijiko kikubwa kimoja cha nam pla kina chumvi ya gramu 3 au zaidi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku nzima, na Wathai kwa wastani hula karibu mara mbili ya kiasi hicho. Jambo hili limewasumbua madaktari wao wenyewe, maana shinikizo la damu na ugonjwa wa figo ni mizigo mikubwa katika hospitali zao. Keti mezani kwa muuzaji wa tambi za supu, utaona vikopo vinne: sukari, pilipili ya unga, siki yenye pilipili, na nam pla. Supu ile tayari imeshakolezwa jikoni, na bado mlaji huongeza. Mgeni huiga, huona ndiyo adabu ya kula, na baada ya mwaka ulimi wake hauonji tena chakula kisicho na chumvi nyingi. Katika ukoo wenye watu wa shinikizo la damu, nasi twajua koo za namna hiyo ni nyingi, huu si mchezo. Ale tambi, nyama na mboga, supu aiache bakulini, na kikopo cha nam pla asikiguse kabla ya kuonja.

Sukari ni mjanja zaidi. Imo katika pad thai, imo katika som tam, ile saladi ya papai bichi inayotwangwa kwa kinu na mchi, na imejaa katika cha yen, chai ya rangi ya machungwa yenye maziwa matamu ya kopo. Mwezi Septemba 2017 serikali ya Thailand ilianza kutoza kodi vinywaji vya viwandani kulingana na sukari iliyomo, hatua tunayoipongeza. Lakini kodi hiyo haimfikii anayechanganya chai yake kwenye mkokoteni, na joto la mchana humfanya mtu anywe bila kuhesabu. Maneno mawili ya Kithai yatamsaidia mkazi kuliko vidonge: "mai wan", si tamu, na "wan noi", tamu kidogo. Wauzaji huelewa, na hawakasiriki.

Liko jambo la tatu, nalo hatuna mjadala juu yake: vyakula vibichi. Kaskazini mashariki mwa nchi, katika eneo la Isan, kuna chakula kiitwacho koi pla, samaki wa maji baridi aliyekatwakatwa mbichi na kuchanganywa na ndimu na pilipili. Ndimu hubadilisha rangi ya nyama ikafanana na iliyoiva, lakini haiui mnyoo bapa wa ini aliyemo, Opisthorchis viverrini. Mnyoo huyo hukaa miaka mingi katika mirija ya nyongo bila mtu kusikia maumivu, na mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa lilimweka katika kundi la kwanza la visababishi vya kansa kwa binadamu. Mkoa wa Khon Kaen ni miongoni mwa sehemu zenye kansa ya mirija ya nyongo kwa wingi zaidi duniani. Kadhalika upande wa kaskazini wapo wanaokula nyama na damu mbichi ya nguruwe, na bakteria atokaye humo huleta homa ya uti wa mgongo, ambayo humwacha mtu akiwa kiziwi. Mwenyeji akikukaribisha, shukuru na uombe kilichochomwa. Kuku wa kuchoma na wali wa kunata wa Isan havina mfano. Hata pla ra, samaki aliyechachushwa, aliwe akiwa amechemshwa, na kaa mbichi wa kutiwa katika som tam akataliwe tangu mwanzo.

Mwenye mzio wa karanga au kamba tungemwonya kwa ukali zaidi. Karanga hutwangwa ndani ya saladi, na kamba waliosagwa humo ndani ya michuzi bila kuonekana. Ajifunze kulisema hilo kwa Kithai, au abebe karatasi iliyoandikwa na mwenyeji anayeaminika. Mama mjamzito na mtoto mdogo wale cha moto tu, kilichopikwa mbele yao.

Tukiyapima yote haya, bado tunasimama upande wa chakula cha mitaani. Sahani zake si kubwa, samaki na majani ya viungo ni vingi, matunda hukatwa na kuuzwa kila kona. Tena lipo jambo ambalo mizani ya lishe hailipimi. Mgeni anayekula kwa mama yule yule kila jioni hujifunza lugha, na asipoonekana siku mbili, yuko mtu mmoja katika mji wa mamilioni atakayeuliza amepatwa na nini. Anayekula peke yake chumbani hana huyo.

Wazazi, mtoto akirudi likizo mpimeni shinikizo la damu na sukari hata kama anaonekana mnene na mwenye furaha. Na ikiwa amekaa Isan na kuonja samaki mbichi, amweleze daktari hivyo kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa daktari wa hapa hana sababu ya kumfikiria mnyoo wa mto Mekong. Choo kitapimwa kwa darubini. Dawa yake ni prazikwanteli, ile ile ambayo hospitali zetu huwapa wagonjwa wa kichocho.