Mwanao anaomba hedifoni za studio? Soma hili kabla hujatoa hela

Zamani mtoto akiomba kitu cha muziki aliomba redio. Siku hizi kijana wa kidato cha nne anayetengeneza biti kwenye kompyuta, au anayejifunza u-DJ kwa kumfuata kaka yake kwenye harusi za wikiendi, anaomba hedifoni. Zile ndogo za kuchomeka sikioni hazitaki tena. Anataka zile kubwa zinazofunika sikio lote, "kama za studio".

Wazazi hujibu kwa namna mbili. Wapo wanaokataa moja kwa moja kwa sababu wamesikia zinaua masikio. Wapo wanaotoa hela bila kuuliza chochote ili mradi nyumba itulie, maana bora apige muziki wake huko ndani kuliko spika isikike hadi kwa jirani.

Kila upande una nusu ya ukweli. Hedifoni kubwa za kufunga zinaweza kumlinda mtoto kuliko zile ndogo. Hizo hizo zinaweza kumharibia masikio kabla hajafika miaka 25. Kinachotofautisha ni namna zilivyochaguliwa na sauti anayoiweka.

Kwa nini za kufunga?

Hedifoni za kufunika sikio ziko za aina mbili. Za wazi zina matundu mgongoni, hivyo muziki unatoka nje na kelele za nje zinaingia. Za kufunga zimezibwa mgongoni.

Studio wanapenda za kufunga kwa sababu mwimbaji anasikiliza muziki huku akiimba mbele ya maikrofoni. Akivaa za wazi, muziki unavuja, unaingia kwenye maikrofoni na kuharibu sauti iliyorekodiwa. DJ naye anazihitaji ili ausikie wimbo unaofuata kabla haujatoka kwenye spika za ukumbini.

Kwa mzazi kuna sababu ya tatu, nayo ndiyo kubwa. Chukua nyumba ya kawaida pale Mzinga, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo chini ya Milima ya Uluguru. Chumba kimeezekwa bati, halina dari. Mvua ikishuka kutoka milimani, mtu na mwenzake hawasikilizani. Mvua ikikatika, bodaboda zinapita dirishani na jirani naye amefungulia redio yake. Kijana aliyevaa eafoni ndogo zisizoziba vizuri afanyeje? Anapandisha sauti hadi muziki uzishinde kelele. Aliyevaa hedifoni zinazoziba vizuri hana haja ya kupandisha, kwa sababu sehemu ya kelele imebaki nje.

Hiyo ndiyo faida yake kiafya. Faida hiyo inapotea siku ile ile kijana anapovaa hedifoni nzuri na bado akaweka sauti ya mwisho.

Bendi nzima kwenye masikio mawili

Morogoro haikuanza muziki jana. Morogoro Jazz Band ilianzishwa mwaka 1944, na humo ndimo alimong'ara Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki dunia mwaka 1979. Bendi za wakati ule nazo zilikuwa na kelele zake, lakini kazi iligawanywa: huyu gita, yule ngoma, mwingine tarumbeta, na mazoezi yakiisha kila mtu anakwenda nyumbani masikio yakapumzike.

Kijana wa leo anafanya kazi ya bendi nzima peke yake. Anapanga ngoma, anaweka besi, anarekodi sauti, kisha anarudia kipande cha sekunde 10 mara 50 mpaka kikae sawa. Yote hayo yanapita kwenye spika mbili ndogo zilizogusana na masikio yake, saa nyingi, mara nyingi usiku.

Ndani ya sikio kuna chembe nyembamba kama vinyweleo zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye mshipa wa fahamu. Kila sikio lina takribani 16,000. Kelele kubwa huzilegeza. Zikipumzishwa, nyingine hurudi katika hali yake. Zikipigwa kila siku zinakufa, na zikifa kwa binadamu hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Hesabu ambayo kila mzazi anaiweza

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni moja duniani wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa. Mwaka 2019, WHO na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) walitoa kiwango cha usalama: kwa mtu mzima, desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, kwa mtoto, desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40.

Ifikirie kama hela ya matumizi ya wiki. Kila sauti inapopanda desibeli 3, hela inaisha haraka mara mbili. Mtoto mwenye saa 40 kwenye desibeli 75 anabaki na saa 20 kwenye 78, saa 10 kwenye 81, na saa 5 kwenye 84. Akifika desibeli 90 amebakiwa na saa moja na robo tu, kwa wiki nzima. Hiyo ni kama kazi ya jioni moja.

Ukiigeuza hesabu hiyo inakuwa habari njema. Hedifoni zikiziba kelele vizuri na kijana akaweza kushusha desibeli 9 tu, muda wake salama unaongezeka mara nane.

Namna ya kuzipima dukani

Nendeni pamoja na mwanao, na msikubali kununua bila kujaribu.

Kwanza, avae bila muziki. Muuzaji aongee naye kwa sauti ya kawaida kutoka hatua mbili. Sauti hiyo ikipungua wazi, sponji zinaziba. Kama anasikia kila kitu kama kawaida, hizo ni pambo. Anayevaa miwani aijaribu akiwa na miwani, na mwenye rasta au nywele zilizosukwa ahakikishe sponji zinakaa vizuri kuzunguka sikio, maana upenyo mdogo tu unaingiza kelele.

Pili, acheze wimbo anaoujua vizuri kwa sauti ya chini. Hedifoni za kazi zinaonyesha sauti ya mwimbaji na kila ala hata muziki ukiwa chini. Zinazosikika nzuri mpaka ziwe juu, zenye besi inayotetemesha kichwa, zitamfundisha kupandisha sauti.

Tatu, azivae dakika 10 akitikisa kichwa na kuinama. Zikibana sana atazivua, zikilegea zitavuja.

Nne, aangalie waya na sponji. Sponji zinazobadilishika na waya unaochomoka vinaokoa hela, kwa sababu hivyo ndivyo huharibika kwanza.

Za kuunganishwa kwa Bluetooth zinafaa kusikilizia muziki njiani. Kwa kurekodi na kwa u-DJ sauti yake huchelewa kidogo, na kuchelewa huko kunatosha kumtoa kijana kwenye mapigo. Za waya ndizo za kazi.

Majina utakayoyasikia ni machache. Sennheiser HD 25, iliyoingia sokoni mwaka 1988, inapendwa na ma-DJ kwa sababu ni nyepesi na kikombe kimoja kinasogezwa pembeni ili sikio moja libaki wazi. Sony MDR-7506 iko studio tangu mwaka 1991. Audio-Technica ATH-M50x ina waya unaochomoka. Beyerdynamic DT 770 Pro ina sponji za kitambaa laini zinazofaa kukaa nazo muda mrefu, lakini inatolewa kwa viwango tofauti vya ukinzani: ya omu 250 inahitaji mashine ya kukuza sauti, hivyo anayetumia simu au kompyuta ya kawaida achukue ya omu 32 au 80. Hedifoni zenye majina makubwa huigwa. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, dai risiti na dhamana ya maandishi, na usione aibu kuondoka.

Huna lazima ya kununua jina kubwa. Hedifoni ya kawaida iliyofaulu majaribio yale manne ni bora kuliko ya gharama isiyomkaa kichwani.

Mtego wa DJ

DJ huacha sikio moja wazi ili asikie ukumbi, na lingine linasikiliza wimbo unaofuata. Kwenye harusi spika ziko juu, kwa hiyo ili asikie kilichomo kwenye hedifoni anapandisha. Baada ya nusu saa masikio yamechoka, anaona sauti imepungua, anapandisha tena. Sherehe ikianza saa 1 usiku na kuisha saa 6, ameyachosha masikio saa tano mfululizo.

Kwenye ukumbi wenye desibeli 95, mtu mzima anamaliza hela yake ya wiki kwa saa moja na robo. Mtoto anaimaliza kwa chini ya nusu saa.

Dawa yake ni ya mpangilio. Meza ya DJ ikae nyuma ya spika kubwa, isiwe mbele yake. Ikiwezekana awekewe spika ndogo karibu ili asishindane na ukumbi. Sikio lililo wazi livae kizibo cha sponji, vile vinavyouzwa maduka ya vifaa vya usalama kazini. Akishaunganisha wimbo, ashushe sauti ya hedifoni mara moja, na kila saa atoke nje dakika 10.

Jambo moja wazazi hawalijui: simu nyingi hutoa onyo sauti ikizidi, lakini hedifoni ikichomekwa kwenye miksa hakuna onyo. Hapo mlinzi ni mkono wa kijana mwenyewe.

Usafi na dalili

Sponji za kufunga hushika jasho, hasa miezi ya joto. Zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kazi, na asiazime kwa mwenye sikio linalowasha au kutoa usaha. Sikio lenye ugonjwa lipumzishwe mpaka lipone. Vijiti vya pamba visiingizwe ndani; vinasukuma nta.

Kuna dalili ambazo mzazi anaweza kuziona bila kipimo. Mtoto analalamika mlio wa "nziii" masikioni baada ya kuvua hedifoni, au anasema anasikia kama amezibwa pamba. Anauliza "unasemaje?" mara kwa mara, hasa watu wakiwa wengi. Anakosa herufi kama s, f na sh, kwa sababu sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza. Anaongeza televisheni wakati wengine wanaisikia vizuri.

Mlio au kuzibwa kukizidi siku moja, mpeleke kituo cha afya na uombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Sikio likizima ghafla, nenda siku hiyo hiyo. Matibabu ya hali hiyo hayasubiri wiki iishe.

Makubaliano kabla ya hela

Kabla ya kulipa, kaeni mkubaliane mambo matatu. Sauti ya simu au kompyuta isizidi asilimia 60. Kila saa moja ya kazi, dakika 10 za kimya. Siku inayofuata harusi, hakuna hedifoni kabisa.

Kisha mweleze sababu kwa lugha yake. Prodyuza hauzi kompyuta wala hedifoni, hivyo vyote vinanunulika upya. Anachouza ni masikio yanayoweza kusikia besi imezidi kidogo au sauti imetoka nje ya ufunguo. Kijana anayetaka kuishi kwa muziki akiwa na miaka 40 ana sababu nzuri kuliko ya mama yake ya kushusha sauti leo.