Kuwapiga Picha Ndege Weusi Wenye Kumeta



Siku hizi aghlabu ya nyumba zetu zina chombo cha kupigia picha, ama kamera ama simu, na vijana wengi wamependa kuwapiga picha ndege wa mwituni. Jambo hili tunalifurahia, khasa likiwa limechukua mahali pa manati na ulimbo. Lakini ndege weusi wanadhulumiwa. Kijana humpiga chozi au kwezi picha moja, akaona doa jeusi juu ya tawi, akaifuta, akasema ndege huyu hana sura. Sisi twasema aibu hiyo si ya ndege, ni ya haraka ya mpigaji.

Tuchukue mfano wa chozi wa Pemba. Ni ndege mdogo, urefu wake yapata sentimita 10, wala haishi popote duniani ila Pemba na visiwa vidogo vilivyo karibu nayo. Wataalamu wa ndege walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1905, ingawa wenyeji walikwisha kumjua zamani, kwani huonekana katika msitu wa Ngezi, na katika mashamba, na hata katika bustani za majumbani. Dume ukimtazama kivulini utasema ni mweusi tu. Akigeuka akapigwa na jua, kichwa na mgongo humeta kijani kama chuma kilichosuguliwa, na kifuani hutokea utepe wa zambarau. Jike lake hakupewa mng'aro huo.

Mng'aro huo watoka wapi? Si rangi iliyopakwa. Ndani ya vijinyuzi vya nyoya mna chembe nyeusi, bapa, zimepangwa tabaka juu ya tabaka. Nuru ikizipiga tabaka hizo hurudi, rangi nyingine zikitiwa nguvu na nyingine zikivunjwa. Nuru isiyorudi humezwa na ule weusi, na kwa hiyo ile iliyorudi huonekana safi. Ukitaka dalili, mtazame tausi mweupe: manyoya yake yamekosa weusi, na kwa kukosa weusi yamekosa kijani na buluu zote. Basi weusi ndio msingi, na mng'aro umejengwa juu yake.

Pengine msomaji atauliza hukumu ya picha zenyewe. Wanavyuoni wamekhitalifiana. Wako walioikataza picha ya kila chenye roho ila kwa dharura. Na wako, kama Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914, walioona kwamba kamera hukizuia kivuli cha kiumbe aliyekwisha kuumbwa, wala haishindani na Muumba. Anayeshika kauli ya kwanza na amtazame ndege kwa macho yake, inatosha. Anayeshika ya pili, haya ndiyo ya kufanya.

Kwanza, jua liwe mgongoni mwako, nawe utoke asubuhi mapema. Jua la adhuhuri hukatakata sura ya ndege kwa kumulika huku na kutia kiza kule. Wingu jembamba si adui, kwani huueneza mwanga sawasawa.

Pili, kamera haijui kwamba ndege ni mweusi. Hupima mwanga wote ulio mbele yake na kutaka uwe wa kiasi. Ndege akiwa mbele ya mbingu nyeupe, kamera hupunguza mwanga, naye hutoka kama kivuli. Basi uongeze wewe. Akiwa mbele ya majani yenye kiza, kamera huzidisha, weusi ukawa kijivu na mng'aro ukapauka, basi upunguze. Kamera nyingi zina alama ya kujumlisha na ya kutoa kwa kazi hii.

Tatu, mng'aro huja kwa pembe maalumu. Shingo ikigeuka kidogo, rangi huwaka au huzimika. Kwa hiyo usimfukuze ndege. Kaa karibu na ua la mgomba lenye utomvu mtamu, utulie, umngoje ageuke mwenyewe. Chozi hatulii, basi iweke kamera ipige upesi, kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde au chini ya hapo.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote: usiguse kiota. Katika Sunan Abi Daud imepokewa kwa Abdullah bin Masud kwamba masahaba safarini waliwachukua makinda wawili wa ndege, mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwona aliamrisha makinda warudishwe kwake. Picha iliyopatikana kwa kumhangaisha mzazi juu ya makinda yake haina baraka.

Sasa wazazi, lizingatieni hili pamoja na watoto wenu. Katika Sura ya Fatir, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu anataja milima yenye mistari myeupe na myekundu na myeusi sana, kwa neno lenye nasaba na jina la kunguru. Kisha anataja watu na wanyama wenye rangi mbalimbali. Kisha anataja wenye elimu, kwamba wao ndio wamchao. Weusi umo katika dalili Zake. Vipi basi katika nyumba zetu binti huambiwa kwamba uzuri wake umepunguzwa na weusi wake, mpaka akajipaka mkorogo? Katika madawa hayo yamo yenye zebaki, inayodhuru figo. Mama anayemcheka mwanawe kwa rangi yake amefanya kama yule kijana aliyeifuta picha: alitazama mara moja, kivulini, akahukumu.

Mpeni mtoto kamera, mkae naye chini ya mgomba, mumngojee chozi ageuke. Atakapouona ule mng'aro, mwambieni umekaa juu ya nini.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye subira, na ndimi zisizodharau alichokiumba. Amin.